Nani atamgeuza mzee kitandani kule Udon Thani

Mwaka 2010 nilikuwa napiga shifti kwenye nyumba moja ya wazee hapa Columbus, Ohio, na chumba cha mwisho kabisa cha korido alikuwepo bibi wa miaka 88 ambaye mwanae alikuwa anakuja kila Jumapili na daftari la njano. Anakaa pembeni ya kitanda, mama kalala, yeye anaandika. Mi nikadhani anaandika mambo ya mama, dawa au nini, kumbe jamaa anapiga hesabu za kuhama nchi. Siku moja akanionesha. Nyumba baht 8,000 (baht ndo hela ya Thailand), umeme 1,500, chakula 9,000, bia 3,000, mafuta ya pikipiki, intaneti, akiba ya nauli ya ndege kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, alafu chini kapiga mstari mara mbili na jumla haifiki dola 1,000 kwa mwezi.

Nikamuuliza, hii ni safari ya nani? Akasema yangu, mwakani naenda Thailand, humu ndani sifii. Akaoneshea kile kitanda kwa kidevu.

Sasa watu wengi wakisikia Mmarekani mzee kahamia Thailand picha inayowajia ni moja tu, Pattaya, ule mji wa starehe wa pwani, bia na visichana. Wapo wa hivyo, tena wengi, siwatetei. Ila mimi niliyekaa na hawa wazee miaka yote hii nakwambia ukitaka kuwaelewa anza na kile kitanda, usianze na ufukwe. Kitanda kile wakati ule kilikuwa kinakula zaidi ya dola 6,000 kwa mwezi. Siku hizi chumba cha mtu mmoja kwenye nyumba ya wazee Marekani kwa wastani ni zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi, na Medicare, ile bima ya serikali ya wenye miaka 65 na kuendelea, hailipii mtu kuishi humo. Inalipa siku 100 mwisho, tena uwe umetoka hospitali na unahitaji huduma ya kitaalam, na hapo siku 20 za kwanza tu ndo inalipa zote. Baada ya hapo unalipa mwenyewe mpaka uishiwe, na nikisema uishiwe namaanisha uishiwe kweli, akiba ibaki kama dola 2,000 hivi kwa majimbo mengi, ndo Medicaid, bima ya wasionacho, ikupokee. Nyumba ya yule bibi iliuzwa. Mwanae alizaliwa na kukulia kwenye nyumba ile, na hela yote ya mauzo iliishia kwenye kitanda ambacho mimi nilikuwa nakitandika.

Yeye mwenyewe alichukua Social Security, ile pensheni ya serikali ya Marekani, akiwa na miaka 62, mapema, kwahiyo akakatwa robo ya pensheni yake, na ukikatwa hivyo ndo umekatwa mpaka kaburini. Ikawa inaingia kama dola 1,300. Hapa Columbus hiyo ni kodi, umeme, na kumwomba Mungu usiugue. Kule Udon Thani, mji wa kaskazini mashariki mwa Thailand aliouchagua, mwaka 2011, dola ikiwa inabadilishwa kwa baht 30 hivi, ni baht 39,000, na kima cha chini cha mshahara kilipokuja kupandishwa Thailand nzima mwaka 2013 kiliwekwa baht 300 kwa siku. Yani mzee wetu bila kushika jembe anapokea kwa mwezi mmoja ujira wa siku 130 za Mthai anayebeba zege.

Kwahiyo hesabu zake sikuziona za kipumbavu, na mpaka leo sizioni hivyo. Tatizo langu na lile daftari ni jingine, na pengine nililiona kwasababu kazi yangu ni kugeuza watu vitandani: halikuwa na mstari wa mikono. Kuna mstari wa bia, kuna mstari wa intaneti, hakuna mstari wa mtu atakayekushika kwapa ukienda chooni. Anayepiga hesabu za Thailand ana miaka 62, anatembea, anaendesha pikipiki, meno yote yapo. Atakayekuja kuishi ndani ya hesabu hizo ana miaka 80. Sa huyo wa 62 hata hakumuuliza mwenzie anataka nini.

Kwanini Udon na sio ufukweni Phuket? Alishafika. 1969, kijana wa miaka 21, fundi wa ndege za kivita. Vita ya Vietnam ilivyopamba moto Wamarekani walikuwa na kambi za anga Thailand kibao, Udorn (ndo hiyo hiyo Udon), Ubon, Korat, Takhli, Nakhon Phanom, U-Tapao, na kwenye kilele wanajeshi wao walikaribia 50,000. Waliondoka 1976. Hiyo Pattaya inayotukanwa ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla askari hawajaanza kupelekwa huko kupumzika. Kwahiyo hawa wazee wengine hawakuichagua Thailand kwenye ramani, walikuwa wanarudi mahali walipokuwa vijana mara ya mwisho. Alinambia mwaka ule alifundishwa kula wali wa kunata kwa mkono, unafinyanga tonge unachovya, nikamwambia mzee karibu nyumbani, hiyo sisi kwetu ni ugali.

Akaenda. Akapanga, akanunua pikipiki, asubuhi akawa anatembea kuzunguka bwawa la Nong Prajak katikati ya mji, na 2012 akapata mwenzake, mama wa pale pale wa miaka 45, mjane, ana mtoto mmoja mkubwa. Hapo ndo ikaja habari ya sinsod.

Sinsod ni mahari. Sina neno jingine. Mwanaume anapeleka kwa wazazi wa mwanamke, hela na dhahabu, inawekwa hadharani watu waione, wazee wanahesabu, na familia nyingine zinarudisha sehemu yake kwa maharusi. Yeye alitoa baht 100,000 na dhahabu ya uzito wa baht 2, manake kule baht ni hela na pia ni kipimo cha dhahabu, gramu 15 na kitu. Akanipigia simu kanuna. Ati anahisi kanunua mke. Rafiki zake wa kizungu pale mjini walishamjaza maneno, wameibiwa, wamechunwa, hii familia inamkamua. Mi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mzee sikiliza, hapo ulipo ndo umekuwa mtu. Mtu asiyetoa mahari hana shemeji, na asiyekuwa na shemeji siku akianguka bafuni nani atambeba? Hakunielewa siku ile. Mzungu akitoa hela anataka kujua kanunua nini, hajazoea hela ambayo kazi yake ni kukufanya uwe na wadeni na wewe uwe mdeni wao. Wathai wana neno lao, bunkhun, lile deni la wema ambalo huwezi kulimaliza kulilipa, hasa kwa wazazi. Mama mkwe wake alikuwa anaishi kwenye nyumba hiyo hiyo, anaoshwa na kulishwa na binti yake. Mzee aliingia kwenye nyumba ambayo ile huduma ya dola 6,000 ilikuwa inafanyika jikoni kila siku bila bili.

Tukija kwenye viza, hapa ndo watu wanachanganya mambo. Thailand haimpi mstaafu makazi, inampa mwaka, mmoja mmoja. Uwe na miaka 50 na kuendelea, uwe na baht 800,000 kwenye benki ya Thailand au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au uchanganye vyote viwili vifike hizo 800,000 kwa mwaka. Ada ya kuongeza mwaka ni baht 1,900, ukitaka kutoka nchini bila kuiua viza unalipia kibali cha kurudi, na kila siku 90 unaripoti kwamba bado unaishi pale pale. Siku hizi kuna kuripoti mtandaoni pia, lakini mzee wangu miaka mingi alikuwa anaenda na fomu yake mkononi mara nne kwa mwaka, kama mtu aliyeachiwa kwa dhamana.

Sasa linganisha. Jirani yake Mthai wa miaka 65 kwa miaka mingi posho ya uzee kutoka serikalini imekuwa baht 600 kwa mwezi. Ukifika 70 inakuwa 700, 80 unapewa 800, ukijaliwa 90 unapewa 1,000. Mgeni wa umri ule ule anatakiwa aoneshe 65,000. Zaidi ya mara mia. Nchi inajua inachofanya, inataka hela ya mzee na haimtaki mzee mwenyewe akishakuwa mzigo, na mimi siwalaumu, wao wenyewe wanazeeka haraka na vijana wao hawazai. Hata Kenya wanayo hiyo, kibali cha daraja K, uwe na miaka 35 na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka, waulize Wataliano wa Malindi. Kwa matajiri Thailand ilifungua mlango mwingine mwaka 2022, viza ya miaka 10, ila mstaafu asiyewekeza huko awe anaingiza dola 80,000 kwa mwaka bila kufanya kazi. Mwenye dola 80,000 hana haja ya daftari la njano.

Mpaka 2018 kipato ulikuwa unakiapia. Unaenda ubalozi wa Marekani, unaapa kwamba unapata kiasi fulani, wanagonga mhuri, hakuna anayekagua, na wapo walioapa uongo mchana kweupe. Kuanzia Januari 2019 ubalozi ukaacha kutoa hizo karatasi, ikawa lazima benki ioneshe hela inaingia kutoka nje kila mwezi. Wazee wengi wakaumbuka, manake wastani wa pensheni ya Social Security hata leo ni kama dola 2,000, na wakati huo ilikuwa chini ya 1,500, ambayo haifiki 65,000 hata ufanyeje. Vishoka wakapata ulaji, unampa hela anakuwekea hela ya watu kwenye akaunti, ukishagongewa mhuri anaitoa. Mzee wangu hakuwa kwenye mkumbo huo, alikuwa na 800,000 zake benki tangu siku ya kwanza, akiba yake yote ya kiwandani ilikuwa hapo.

Na ndo hapo penye mtego, naomba nikae kidogo. Hizo 800,000 sheria inasema zikae miezi miwili kabla ya kuomba na miezi mitatu baada ya kupewa, alafu mwaka uliobaki zisishuke chini ya 400,000. Sa mtu asiyekuwa na bima ya afya hela yake ya kuugulia ni ipi? Ni hiyo hiyo. Hela moja umeipa kazi mbili, ikulinde na uhamiaji na ikulinde na hospitali, na siku hospitali ikiita uhamiaji nao wanakusubiri. Ukipona unafukuzwa, ukibaki na viza hujatibiwa. Nimeona bajeti nyingi za hawa wastaafu na karibu zote zinaihesabu ile hela mara mbili bila mwenyewe kujua.

Msimu wa mvua wa 2021 mzee akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Miaka 73. Bima hakuwa nayo, alipokuwa na 63 aliona ghali kwa mtu mzima wa afya, alipofika 70 ndo akataka, kampuni zikawa hazimtaki. Nchi ina mfumo mzuri wa matibabu ya bei nafuu kwa raia wake tangu 2002, ule wa baht 30, mgeni mstaafu hayumo. Akapelekwa hospitali binafsi, wakamtia vyuma, kazi nzuri kwa kweli, nilimwona kwenye simu na mshono ulikuwa umenyooka kuliko mingi niliyoiona huku. Bili ikaja baht 380,000. Kwa Marekani hiyo ni bei ya chai, kwa yeye ilikuwa karibu nusu ya viza. Akabaki na 420,000 na mwaka unakaribia kuisha.

Unajua walitokaje? Walifunga ndoa. Walikuwa wanaishi pamoja miaka tisa, mahari ilishatolewa, kijiji kizima kilikula, ila serikalini hawakuwa wameandikisha. Mume wa Mthai anatakiwa 400,000 benki, au kipato cha 40,000 kwa mwezi. Nusu. Wakaenda ofisi ya wilaya, yeye na fimbo yake, na hizo 420,000 zikatosha. Karatasi zikaongezeka, picha za nyumbani, ramani ya nyumba, shahidi, ila viza ikatoka. Yule shemeji aliyekuwa anamkamua ndo aliyekwenda kuwa shahidi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Hela, kila dola 1,000 uliyopokea Oktoba 2022 ilikuwa baht 38,000, mwaka 2025 imekuwa inapata 32,000 na ushee, yani mshahara umekatwa na mtu ambaye humjui na hujagombana naye. Kodi, Mmarekani anafuatwa na serikali yake popote duniani, na akaunti za nje zikijumlika zaidi ya dola 10,000 lazima aziripoti kila mwaka, kwahiyo zile 800,000 anazolazimishwa na Thailand kuziweka ndo zinazomfanya aripoti Marekani. Thailand nao tangu Januari 2024 wanataka kodi kwenye kipato cha nje unachokiingiza kama unakaa siku 180 kwa mwaka, ila Social Security mkataba wa nchi hizo mbili unaiachia Marekani, kwahiyo wa pensheni tupu wapumue. Ardhi, mgeni hamiliki, anaweza kuwa na fleti kwenye jengo ambalo wageni hawazidi asilimia 49 ya eneo, au akodi miaka 30. Nyumba ya mzee iko kwenye kiwanja cha mke, na siku ya kununua alisaini kabisa kwamba hela ni ya mke. Moshi, Chiang Mai inasifiwa na wastaafu wote mpaka ifike Februari, Machi, mashamba na misitu inaungua mji hauonekani, na Udon nao wana miwa yao inayochomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi yanadondoka kwenye nguo zilizoanikwa kama pale Kilombero.

Mbona asirudi tu? Watu wananiuliza hilo kama vile nyumbani bado pako. Medicare haimfuati mtu Thailand, na alipofika 65 mwaka 2013 hakujiandikisha sehemu B, ile ya kulipia madaktari ambayo unachangia kila mwezi, kwasababu alilipie nini kitu asichokitumia. Sasa kila miezi 12 uliyochelewa unaongezewa asilimia 10 ya malipo, maisha yako yote. Mwaka 2025 watu walikuwa wanalipa dola 185 kwa mwezi, kwake ingekuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Alafu arudi afikie wapi, nyumba ya mama ilishauzwa. Angerudi akaingia kwenye kile chumba cha mwisho cha korido, na kwa kejeli ya Mungu huenda mimi ndo ningemtandikia. Lipo jambo moja la kuchekesha, mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria inayowahesabu askari waliokuwa kambi za Thailand wakati wa vita kwamba waliguswa na ile sumu ya kuua majani, na kisukari cha ukubwani kimo kwenye orodha ya maradhi yake. Mzee ana kisukari. Ikikubaliwa, idara ya maveterani itamlipia matibabu ya kisukari hata akiwa Udon, nyonga watamwambia ni bafu lako na nyumba yako.

Mtu atasema basi aajiri walezi, Thailand si rahisi? Ni kweli inawezekana. Kuna Mswisi, Martin Woodtli, alimhamishia mama yake mgonjwa wa kusahau kule Chiang Mai, baadae akafungua kituo cha wazee wa Kizungu wa aina hiyo, Baan Kamlangchay, na kila mgonjwa ana walezi watatu wanaopokezana mchana na usiku. Watatu kwa mmoja! Hapa Ohio kuna usiku nimekuwa peke yangu na wazee ishirini. Ila wanaolipa pale wanalipa kwa pensheni za Uswisi na Ujerumani, mzee ambaye pensheni yake sasa imefika dola 1,900 hana ubavu huo. Mzee wa dola 1,900 ana mke.

Na hapa ndo moyo wangu unapokataa kabisa. Huyu mama sasa ana miaka 58. Alimwosha mama yake mzazi mpaka akafa, sasa anamwosha mume. Siku mzee akifa Social Security inakata siku hiyo hiyo, na pensheni ya mjane haipati, kwasababu mke ambaye sio Mmarekani anayeishi nje anatakiwa awe aliwahi kuishi Marekani miaka mitano akiwa kwenye ndoa hiyo, isipokuwa baadhi ya nchi zenye mikataba, na yeye Marekani hajawahi kukanyaga. Kazi ambayo serikali ya Ohio ingelipa maelfu ya dola kwa mwezi kupitia Medicaid, ameifanya yeye bure, na malipo yake ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja chake mwenyewe na kitakachobaki benki, akishapita mahakamani. Wanaoandika habari za wastaafu wanaandika kila siku jinsi mwanamke wa Kithai anavyoweza kukutapeli. Sijawahi kuona hata mmoja kaandika jinsi anavyoweza kudhulumiwa.

Msidhani nawaongelea wazungu tu. Wabongo wenzangu wa hapa mjini waliochukua uraia wa Marekani wana madaftari yao ya njano, nimeyaona, nyumba Kigamboni, nyumba Moshi, kuku, Social Security inaingia kila mwezi tunakula upepo. Tanzania haina uraia pacha, na hata hilo suala la hadhi maalum kwa diaspora limechukua miaka mpaka kufika bungeni. Kwahiyo ulipochukua pasipoti ya bluu uliacha ya kwako, na ukirudi uzeeni unarudi mgeni, wa kuomba kibali cha kukaa kwenye kijiji kilichozikwa kitovu chako, na ardhi mgeni asiye na hiyo hadhi hamiliki kama mwenyeji. Medicare haitavuka maji kukufuata Moshi kama isivyovuka kwenda Udon. Mke uliyemwacha nyumbani miaka yote ukimtumia hela za ada na mabati, naye hajaishi hapa miaka mitano, fikiria mwenyewe. Tofauti yetu na yule mzee ni kwamba sisi tunadhani mikono ipo, mashangazi wapo, wajukuu wapo, wakati wajukuu wenyewe wako Dar wanaendesha bodaboda na shangazi ana miaka 79. Nilimwuliza jamaa mmoja kwenye msiba hapa, siku ukishindwa kuamka nani atakugeuza? Akasema ah, dada, nyumbani hakukosi mtu. Nikamwambia nitajie jina. Akabadilisha mada.

Mwezi uliopita simu ya video iliita saa nne usiku, kule asubuhi. Mzee ana miaka 77 sasa, tangu kiharusi kidogo cha mwaka jana mguu wa kushoto haumtii, na mgongoni chini pameanza kuwa pekundu. Kabla hajanyoosha simu vizuri nilishajua, nimeiona rangi ile mara nyingi, ikiachwa wiki mbili inakuwa shimo. Nikamwambia mpe mkeo simu. Mke hajui Kiingereza zaidi ya salamu, mi Kithai najua neno moja la asante, basi nikaegemeza simu kwenye kikombe, nikalala mwenyewe kitandani kwangu na nguo zangu za kazi, nikamwonesha. Goti lipande hivi. Mkono wake uvuke kifuani. Wewe usivute kwa mgongo, weka goti lako kitandani, shika bega na nyonga, alafu hesabu moja mbili tatu umlete kwako. Mto mgongoni, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Kila baada ya saa mbili, nikamwonesha vidole viwili na saa ya ukutani.

Akarudia. Mara ya kwanza alivuta kwa mikono tu, nikatikisa kichwa. Mara ya pili akapanda na goti, mzee akaja mzima mzima kama mlango unaofunguka, akaguna, akasema kitu kwa Kithai, mke akampiga kofi la begani huku anacheka mpaka anaziba mdomo. Nikamwuliza mzee umesemaje? Akasema nimemwambia ile dhahabu baht mbili nilipunjwa, alistahili tano.